Daraja la mtandao likizimwa saa za kazi, hasara humwangukia nani?

MSIMU wa ununuzi wa pamba ukishafunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei, Bariadi huwa mji mwingine. Malori ya mazao yanajipanga nje ya viwanda vya kuchambua pamba, makarani wa vyama vya msingi wanahaha na hesabu za wakulima, na mawakala wa fedha za simu hawana nafasi hata ya kunywa chai. Pamba ikiisha, zinafuata choroko na dengu, ambazo kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani huuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wakati huo huo wapo wawekezaji wadogo wanaonunua hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu ya mkononi wakiwa wamekaa dukani Maswa au Lamadi.

Shughuli zote hizo zina jambo moja linalofanana, nalo ni kwamba zinapita kwenye kisanduku kidogo chenye vitaa vya kijani ambacho mwenye biashara huwa hajui hata kiko wapi, mpaka siku kitakapogoma. Siku hiyo husikika kauli moja tu: "Kizime, ukiwashe."

Kauli hiyo si mbaya, na mara nyingi inasaidia. Lakini inatolewa kana kwamba kuzima na kuwasha ni bure. Si bure. Mfanyabiashara anayejua kinachotokea ndani ya dakika hizo mbili tatu ana nafasi nzuri zaidi ya kulinda fedha zake kuliko yule anayemwachia fundi kila kitu.

KISANDUKU CHENYEWE

Mafundi hukiita daraja la mtandao. Kazi yake ni kuunganisha vipande viwili au zaidi vya mtandao mmoja ili kompyuta ya mizani iweze kuzungumza na ile ya mhasibu, na ya mhasibu izungumze na ya ghalani. Kinachouzwa madukani leo kwa jina la swichi ni daraja lenye milango mingi. Kifaa cha Wi-Fi nacho kina daraja ndani yake. Hali kadhalika yale masahani mawili yanayotazamana, moja juu ya paa la ofisi na jingine juu ya ghala upande wa pili wa mji, ni daraja la redio.

Jina hili linapotosha kidogo. Mtu wa Kanda ya Ziwa akisikia daraja huwaza lile la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3. Daraja la namna hiyo likifungwa kwa nusu saa, magari hupanga foleni yakisubiri, na likifunguliwa yote huvuka. Daraja la mtandao haliko hivyo. Pakiti za data zinazofika wakati limezimwa hazisubiri kandokando ya barabara, zinatupwa. Asipokuwepo aliyezituma wa kuzituma tena, zimekwenda moja kwa moja.

Jambo la pili ni kwamba daraja hili lina kumbukumbu. Lichukuliwe kama karani wa gulio ambaye kwa siku nyingi amejifunza nani anakaa wapi: muuza dagaa yuko upande wa mashariki, fundi cherehani yuko karibu na mwembe. Mzigo wa mtu ukifika, karani anaupeleka moja kwa moja. Daraja hufanya vivyo hivyo. Kila pakiti inayoingia inabeba anwani ya mashine iliyoituma, na daraja huandika kwamba mashine ile iko nyuma ya mlango ule. Kwenye vifaa vingi kumbukumbu hiyo hudumu sekunde 300 tangu mashine iliposikika mara ya mwisho, kisha hufutwa.

Likizimwa na kuwashwa, karani mpya ameletwa gulioni. Hamjui mtu. Mzigo wa kwanza ukija atapiga kelele gulio zima, kila mlango, mpaka mwenyewe aitike. Katika duka lenye mashine sita hakuna atakayegundua. Katika kiwanda chenye kamera za ulinzi, mizani, kompyuta za ofisi na simu za mezani kwenye mtandao mmoja, kelele hizo zinaweza kuchelewesha kila kitu kwa muda baada ya vitaa kurudi kuwa vya kijani.

SEKUNDE ZINAZOPOTEA

Wengi hudhani vitaa vikiwaka, kazi imerudi. Hapo ndipo penye kosa la kwanza.

Madaraja mengi ya ofisini hufuata kanuni iliyobuniwa mwaka 1985 na mhandisi wa Kimarekani, Radia Perlman, alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment. Shida aliyotakiwa kuitatua ilikuwa hii: madaraja yakiunganishwa kwa njia zaidi ya moja, pakiti inaweza kuzunguka bila kikomo, ikajizalisha kila inapozunguka, mpaka mtandao mzima ukajaa pakiti moja. Jibu lake lilikuwa kuyafanya madaraja yaelewane yenyewe, yachague njia moja tu ya kufika kila mahali, mfano wa mti wenye shina na matawi, na zile njia za ziada zizibwe mpaka zitakapohitajika.

Makubaliano hayo yana gharama ya muda. Katika kanuni ya awali, daraja linapowashwa hukaa sekunde 15 likisikiliza tu, kisha sekunde 15 nyingine likijifunza nani yuko wapi, na ndipo linaanza kupitisha pakiti. Jumla ni sekunde 30. Mabadiliko yakitokea mahali pengine mtandaoni, daraja laweza kusubiri sekunde 20 za ziada kabla halijaanza, na hapo zinafika 50. Mwaka 2001 lilitoka toleo la haraka linaloweza kumaliza kazi kwa sekunde moja au chini yake. Lakini mtu aliyenunua kifaa cha mtumba, au ambaye fundi wake hakugusa mipangilio, anaweza bado kuwa kwenye sekunde 30 hadi 50 bila kujua.

Ukiongeza muda wa kifaa chenyewe kuamka, ambao kwa vingine ni dakika nzima na zaidi, unapata picha. Daraja la redio lina mkia mrefu zaidi. Baadhi ya masafa ya gigahezi 5 hutumiwa pia na rada, na kifaa kinatakiwa kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha chochote, kuhakikisha hakuna rada. Kwa masafa yanayotumiwa na rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya zinataka dakika 10. Mwenye ghala aliyeunganishwa na ofisi kwa masahani hayo akiambiwa "sekunde tu, mzee," anadanganywa, ingawa fundi mwenyewe anaweza kuwa hajui kwamba anadanganya.

Kuna tatizo jingine dogo ambalo limewasumbua watu wengi. Laini ikikatika, kompyuta iliyokuwa inatuma hurudia kutuma, na kila isipopata jibu huongeza muda wa kusubiri mara mbili: sekunde 1, kisha 2, 4, 8, 16, 32. Kwa hiyo inajaribu kwenye sekunde ya 1, ya 3, ya 7, ya 15, ya 31, halafu ya 63. Daraja likirudi kwenye sekunde ya 35, kompyuta ile itakaa kimya karibu nusu dakika nyingine huku njia iko wazi. Karani akitazama skrini ameganda anasema, "Bado," anachomoa waya mara ya pili. Saa inaanza upya. Ofisi inaweza kupoteza robo saa kwa mtindo huu pasipo kifaa chochote kuwa kibovu.

FEDHA ZILIZO NJIANI

Hadi hapa hasara ni muda. Lori likisubiri mizani dakika tano, dereva ananung'unika, yanaisha. Hatari ya kweli iko kwenye malipo.

Muamala wowote una safari mbili: ombi linakwenda, jibu linarudi. Daraja likizimwa kabla ombi halijaondoka, hakuna kilichotokea, karani anarudia na mambo yanaendelea. Likizimwa baada ya ombi kufika benki lakini kabla jibu halijarudi, fedha zimeshatoka na ofisini hakuna anayejua. Skrini inaonyesha kosa. Mwenye haraka anabonyeza tena.

Chukua mfano wa mnunuzi anayelipa wakulima 300 kwa mkupuo mmoja. Mfumo umeshalipa 180, mtandao unakatika kwa sababu kijana fulani ameamua kuwasha upya swichi chini ya meza. Karani anaona kosa, anatuma orodha yote upya. Kama wastani wa malipo ni Sh. 250,000, wakulima wale 180 wamelipwa mara mbili na Sh. milioni 45 zimetoka bila pamba yoyote kuingia ghalani. Benki inaweza kusaidia. Lakini kumfuata mkulima wa Meatu au Itilima ambaye fedha imeshaingia kwenye simu yake na ameshanunua ng'ombe, hiyo ni kazi ambayo msimu hauna siku za kuitosheleza.

Mifumo iliyotengenezwa vizuri hujikinga kwa kumpa kila mkulima namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba ile ile ikija mara ya pili, mfumo unakataa. Kabla ya msimu, mnunuzi anayo haki ya kumwuliza aliyemuuzia mfumo swali moja la wazi: orodha ile ile ikitumwa mara mbili, nini kitatokea? Jibu likiwa la kubabaika, ni heri kulipa kwa mafungu ya watu 20 kuliko 300.

Mnada wa mtandaoni una hatari ya namna yake. Mnunuzi huweka bei yake kwenye mfumo kabla ya muda kufungwa. Wazoefu wengi hupenda kusubiri dakika za mwisho wakipima upepo wa soko, na ni tabia inayoeleweka. Lakini dakika mbili za daraja kuamka zikiangukia hapo, mzigo wa dengu umekwenda kwa mwingine, wala hakuna wa kumlalamikia, kwa kuwa mfumo wa mnada ulikuwa mzima saa zote. Mwenye hisa anayeuza kwa simu kupitia Hisa Kiganjani akitumia Wi-Fi ya dukani yuko kwenye mashua ile ile. Tiba yake ni rahisi: azime Wi-Fi, atumie data ya laini yake.

Hapo ifahamike kwamba si kila kitu kinapita darajani. Wakala anayepiga namba ya nyota na reli anatumia mtandao wa simu moja kwa moja, wala haguswi na swichi ya ofisi. Mashine nyingi za EFD zina laini yake ya simu na kumbukumbu ya ndani. Wanaotumia VFD, ile ya programu isiyo na mashine, ndio wanaotegemea intaneti ya ofisi, na wanatakiwa kuwa na njia ya pili.

DARAJA LISILOONEKANA

Wafanyabiashara waliokua kidogo, wenye kompyuta kuu moja inayobeba mifumo kadhaa, wana daraja jingine ambalo halishikiki. Ndani ya kompyuta ile mna kompyuta za kufikirika, moja ya hesabu, moja ya ghala, moja ya kamera, na zote zimeunganishwa kwa daraja lililoandikwa kwa programu.

Fundi akibadilisha namba moja kwenye mipangilio, kisha akaamuru huduma nzima ya mtandao ianze upya, kwenye mifumo mingi ya Linux daraja lile hubomolewa na kujengwa jipya lenye jina lile lile. Kompyuta kuu inarudi mtandaoni vizuri. Zile za ndani hazirudi, maana nyaya zao za kufikirika zilifungwa kwenye daraja la zamani na hakuna aliyezifunga kwenye jipya. Fundi anajaribu kutoka kwake, anaona kompyuta kuu inajibu, anaaga. Mhasibu anakuja saa mbili asubuhi, hesabu hazifunguki.

Ipo njia ya upole: kuamuru mfumo usome mipangilio mipya na kurekebisha kilichobadilika tu, bila kubomoa. Programu za siku hizi zinaweza. Aidha, daraja la Linux ambalo halikupewa anwani maalum huchukua anwani ndogo kuliko zote za milango yake, kwa hiyo likijengwa upya laweza kuja na anwani tofauti, na mashine nyingine zikaendelea kutuma kwa anwani iliyokufa kwa muda. Kuipa anwani ya kudumu ni kazi ya dakika moja.

Mtego mbaya kuliko yote humpata fundi aliye mbali. Yuko Mwanza, anaingia kwenye vifaa vya Bariadi kupitia daraja lile lile analotaka kuliwasha upya. Akikosea namba moja, amekata tawi alilokalia. Kutoka Mwanza kupitia Lamadi ni zaidi ya kilomita 150, na lami ya Lamadi hadi Bariadi, ingawa imefupisha safari, haifuti nauli ya fundi wala siku ya kazi iliyopotea. Vifaa vya MikroTik, ambavyo ni vya kawaida nchini, vina hali ya usalama inayorudisha mipangilio ya zamani yenyewe iwapo fundi atakatika. Kutoitumia ni uvivu, na mwenye mali ana haki ya kuuliza kama imetumika.

YALIYOPATA WENGINE

Wapo wanaosema sekunde 30 ni nyingi mno, heri kuizima kabisa ile kanuni ya mti ili daraja liamke mara moja. Ushauri huu umezagaa, na ni wa hatari. Siku mtu wa usafi atakapookota waya uliolegea na kuuchomeka mlango wowote ulio wazi, pande zote mbili kwenye kifaa kimoja, pakiti zitaanza kuzunguka na mtandao wote utalala. Kuwasha upya hakutasaidia mpaka waya utolewe.

Ukubwa wa tatizo hili ulionekana Boston, Marekani, Novemba 2002. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ilikuwa na mtandao uliokua kipande kwa kipande mpaka ukapita kiwango ambacho kanuni ya mti ilikuwa imepangiwa. Mzigo mkubwa wa data ulipoingia, madaraja yakashindwa kuelewana, njia zilizotakiwa kuzibwa zikafunguka, na mtandao ukaanguka. Kila ulipoinuliwa ulianguka tena. Kwa siku nne hivi madaktari walirudi kwenye karatasi. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, baadaye alilieleza jambo hilo hadharani ili wengine wajifunze, kitendo ambacho wakubwa wa mashirika hawakipendi.

Upande mwingine kuna makosa ya kulaumu kisanduku kisicho na hatia. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika katika pwani ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Siku zile kuzima na kuwasha swichi ya dukani hakungeweza kusaidia chochote. Kulikuwa kunakata tu hata yale mawasiliano ya ndani, ya mizani na ofisi, ambayo yalikuwa mazima.

Namna ya kutofautisha haihitaji elimu kubwa. Kama kompyuta ya mhasibu inaifikia ya ghalani lakini haifiki benki, tatizo liko nje, basi daraja liachwe. Kama hata mashine mbili za chumba kimoja hazionani, hapo kisanduku kina kesi ya kujibu. Na kama mambo yote yamelegea, vitaa vyote vinapepesa kwa kasi moja bila kupumzika, kabla ya kuzima chochote atafutwe mtu aliyechomeka waya asubuhi hiyo.

Waliozoea kazi hii hawagusi daraja kabla ya jioni, mizani ikishafungwa na malipo ya siku yakishalinganishwa na taarifa ya benki. Ikilazimu mchana, huanza kwa kuwaambia makarani waache kutuma malipo, wakasubiri yaliyo njiani yarudi na jibu, ndipo wanazima. Baada ya kuwasha huangalia saa na kuhesabu dakika tatu, au zaidi kama kuna masahani, bila mtu kugusa waya. Muamala wowote ulioonyesha kosa katika muda huo hutafutwa kwanza kwenye taarifa ya benki au ya simu kabla ya kurudiwa.

Umeme nao ni sababu kubwa ya madaraja kujiwasha upya pasipo mtu kuamuru. Kupepesa kwa nusu sekunde kunatosha. Betri ndogo ya akiba iliyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta ya bosi ingefaa zaidi ikihamishiwa kwenye swichi na kifaa cha intaneti, ambavyo hula umeme kidogo sana na hivyo hudumu nayo muda mrefu. Bosi atahifadhi kazi yake mapema, na mizani itaendelea kuandika.